Tisheti ya Mzee Ukutani

Ukuta wa sebule ya Mkenya una sheria zake, ingawa hakuna aliyewahi kuziandika. Picha ya harusi inakaa juu ya televisheni. Picha ya marehemu inakaa peke yake, na mara nyingi ni ileile iliyochapishwa kwenye ratiba ya mazishi. Kuna kalenda ya duka, kuna saa, kuna aya ya Biblia au ya Kurani, na kwa waliobahatika kuna picha ya mahafali: joho jeusi, kofia ya pembe nne, na mkononi karatasi iliyokunjwa ambayo kila mtu anajua ni karatasi tupu ya studio. Madukani na maofisini kuna Rais. Akitoka anabadilishwa, msumari unabaki.

Nguo haimo kwenye orodha hiyo. Nguo ni ya mwili, na ikichakaa inakuwa ya kupigia deki. Ndiyo maana nilipompelekea fundi wa fremu tisheti kuukuu na kumwambia nataka iwekwe ndani ya kioo, alicheka kwanza kabla ya kunipa bei. "Boss, ni ya Arsenal? Imesainiwa?" Haikuwa ya Arsenal. Hakuna mtu maarufu aliyewahi kuigusa.

Lakini kuweka ukutani kitu ambacho wengine wanakitumia tu, huku kwetu si jambo jipya. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, utakuta vidaka, vile vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuonyesha sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Pale Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za Kichina. Hebu fikiria. Kule zilikotoka bakuli hizo zilichomwa tanuruni kwa wingi, zikapakiwa melini kama bidhaa nyingine yoyote. Zilikuwa vyombo vya chakula. Zilipofika kwetu zikapewa ukuta, nyingine zikapewa kaburi. Thamani ziliipatia njiani, na mikononi mwa aliyezipokea.

Tisheti nayo ilianzia chini kabisa, chini ya nguo nyingine. Jeshi la wanamaji la Marekani liliwagawia mabaharia wake fulana nyeupe za pamba kuanzia 1913, za kuvaa ndani ya sare. Kwenye joto au kazi chafu mabaharia walivua sare wakabaki nazo, na hapo ndipo umbea wote ulipoanza. F. Scott Fitzgerald aliitaja tisheti kwa jina hilo katika riwaya yake ya 1920. Julai 1942, katikati ya vita, jarida la Life liliweka jaladani askari aliyevaa tisheti yenye jina la shule ya kulenga shabaha ya jeshi la anga. Vita vilipoisha wanaume walirudi nyumbani nazo. Halafu 1951 Marlon Brando akaivaa kwenye filamu, imembana kifuani, na nguo ya ndani ikawa nguo ya nje hadi leo.

Maandishi kifuani ndiyo yaliyoipeleka makumbusho. Smithsonian, kule Washington, wana tisheti ya kampeni ya urais ya 1948 ya Thomas Dewey. Dewey alishindwa na Truman. Nampenda sana huyu Dewey wa tisheti, kwa sababu anathibitisha kwamba si lazima ushinde ndio nguo yako ihifadhiwe. Mwaka 1984 mbunifu Katharine Hamnett alikutana na Margaret Thatcher akiwa amevaa tisheti yenye maandishi makubwa ya kupinga makombora ya nyuklia, kamera zikawanasa wakisalimiana, na tangu siku hiyo kila mwanaharakati anajua pa kuandika.

Mpwani akisoma aya hiyo atatabasamu, najua. Kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa, ilikuwa inasema zamani sana. Duka la Mali ya Abdulla lilianza Mombasa 1887, na mapema karne ya 20 kanga zilikuwa tayari zimepata jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini. Mwanamke alimjibu jirani bila kufungua mdomo. Kwa hivyo nguo inayoongea hatukufundishwa na Mmarekani. Tofauti ni kwamba kanga aliichagua mvaaji, akijua anamlenga nani. Tisheti nyingi tunazovaa hazikuchaguliwa na sisi, na hazikuandikwa kwa ajili yetu.

Ukitaka ushahidi, nenda Gikomba asubuhi wakati marobota yanafunguliwa. Utakuta tisheti ya mkutano wa ukoo fulani wa Marekani, mbio za hisani za mji usioujua, mahafali ya shule ya upili ya watu wengine. Na kuna kisa kingine kinachonichekesha na kuniuma kwa wakati mmoja. Kabla ya fainali ya ligi ya NFL, tisheti za ubingwa huchapishwa kwa timu zote mbili, ili mshindi azivae palepale uwanjani. Za aliyeshindwa haziruhusiwi kuuzwa Marekani. Kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la World Vision, likazigawa nchi za mbali, zikiwemo za Afrika. Chicago Bears walishindwa fainali ya Februari 2007, lakini kuna watu waliovaa kifuani ubingwa wao. Historia ambayo haikutokea, ikaletewa watu ambao haikuwahusu.

Pietra Rivoli, mwalimu wa uchumi, aliandika kitabu kizima mwaka 2005 akifuata tisheti moja aliyoinunua Florida: pamba ya Texas, kiwanda cha Uchina, duka la Marekani, na mwisho mitumba ya Tanzania. Nilikisoma maktabani nikiwa bado chuoni. Nilisoma historia semesta nne, kisha karo ikakwama, mimi nikatoka. Kitabu nilikirudisha. Kitabu hicho kinaifuata tisheti, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Mimi nilitaka kujua zaidi kuhusu yule aliyekuwa akitengeneza nguo hapa kabla ya hiyo tisheti kufika.

Huyo ninamjua. Alikuwa babangu.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo nje ya Nairobi, jina naliacha. Kenya ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa na viwanda vya nguo ambavyo watu walivisema kama timu za mpira: KICOMI ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret, Mountex ya Nanyuki. Serikali ililinda soko, mkulima aliuza pamba kwa bodi, viwanda vilifuma shuka, khaki na sare za shule. Mfumo huo haukuwa peponi. Bodi ilichelewesha malipo hadi wakulima wakang'oa pamba wakapanda mahindi, na mitambo ilizeeka bila mtu kuibadilisha. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, kama wakopeshaji wa nje walivyotaka, na mitumba ikaingia kwa kontena. Viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007 na kuzinduliwa upya 2019. Vingine vingi vimebaki kuta na kutu.

Wanaolaumu mitumba peke yake huwa naona wanarahisisha mambo. Mama ametulea kwa mitumba. Ana kibanda, anajua kutofautisha kamera na fagia akiwa bado hajalifungua robota vizuri. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba polepole ifikapo 2019; wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, soko la AGOA likatishiwa, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza na 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Nyumbani kwetu mjadala huo ulikuwa kati ya kazi ya baba iliyokufa na kazi ya mama iliyokuwa hai. Hakuna aliyeshinda. Tulikula chakula kilichonunuliwa na mama.

Sasa tisheti yenyewe. Ni nyeupe, au ilikuwa. Kifuani ina jina la kiwanda kwa rangi ya buluu iliyopasukapasuka, na chini yake maneno "Sisi ni Familia Moja". Waligawiwa kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka wa 1994. Miezi minane baadaye familia moja ikafungiwa lango. Malipo ya kuachishwa kazi wenzake waliyafuata kortini hadi wengine wakazikwa. Baba alipofariki 2016, alichokuwa nacho kutoka kiwandani ni hiyo tisheti na kadi ya chama cha wafanyakazi.

Kuna kitu nilikigundua nilipoigeuza shingo. Lebo inasema imetengenezwa Pakistan. Nilikaa nayo mkononi kwa muda. Kisha nikaelewa: kiwanda chake kilifuma kitambaa cha mtande na mshindio, nyuzi zikipishana, kama khaki. Tisheti haifumwi hivyo, inashikanishwa kwa vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi kama sweta, na inataka mashine nyingine kabisa. Kwa hivyo mwaka wa mwisho watu wa nguo waliagiziwa nguo kutoka ng'ambo, wakaambiwa ahsanteni.

Vitanzi hivyo ndivyo vinavyofanya fremu ya tisheti kuwa kazi. Khaki unaweza kuipigilia. Tisheti inavutika, ukiining'iniza mabega yanashuka, baada ya mwaka mmoja inakuwa gunia. Gundi usiiguse, inageuka njano na haitoki. Fundi wangu, akishamaliza kucheka, alikuwa tayari kujaribu. Tulikata ubao, tukauvika kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, tukaishona tisheti juu yake kwa uzi mwembamba kufuata mishono yake yenyewe, ili uzito ugawanyike. Tuliifua kwanza bila wanga, maana wanga huita wadudu. Kioo hakitakiwi kugusa nguo, la sivyo unyevu unanaswa na kuvu inaanza, kwa hiyo pembeni aliweka vipande vya mbao kuacha nafasi ya kidole. Na fremu haikai pale jua la saa kumi linapogonga. Jua linakula pamba polepole kuliko panya, lakini linamaliza.

Kwenye nyumba ya mama, Kayole, ukuta usiogongwa na jua ni mmoja tu, na ulikuwa na msumari tayari. Mama aliupigilia mwaka nilioitwa chuo kikuu. Hajawahi kuning'iniza kitu hapo. Hata kalenda alikuwa anaiweka mlangoni.

Nilifika Jumapili, nikaitundika akiwa jikoni. Alitoka na vikombe, akasimama.

"Hapo nilikuwa nimewekea kitu," akasema.

"Najua, mama."

Hakuongeza neno. Aliweka vikombe chini, akasogea karibu na kioo kama anayekagua mzigo. Alisoma jina la kiwanda, midomo ikisogea. Nilidhani atalia, au atanitukana.

"Na nyuma iko wapi?"

"Nyuma iko kwa ubao. Huwezi onyesha pande zote mbili."

"Mafuta ya mashine yako nyuma. Alikuwa analala chini ya zile mashine siku nzima. Hapa." Akaniguza chini ya bega la kushoto. "Nimesugua hiyo kitu na Omo, na ndimu, na sabuni ya kipande. Haikutoka. Sasa wewe umeficha hiyo, umeniwekea jina yao, ndio nikikunywa chai nawaangalia?"

Tulikunywa chai tukiwaangalia. Aliniuliza kama nimelipwa ile makala ya mwezi uliopita, nikasema bado. Nilipoondoka alikuwa ameishusha mwenyewe, ameifunga kwa leso, akanikabidhi mlangoni.

Jumatatu nilirudi kwa fundi. Alifumua mishono yote, akaigeuza tisheti, jina la kiwanda likatazama ubao. Doa lipo chini ya bega, la kahawia, kubwa kama kiganja. Alinitoza mia nne zaidi na kuniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana upande huo hauna maandishi. Nikamwambia ashone.