Kutoka Maji ya Betri hadi Seli ya Lithiamu: Historia ya Maneno na Usalama wa Betri Zinazoundwa kwa Mikono Afrika Mashariki na Nchi Jirani

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya betri katika Afrika Mashariki na nchi jirani kwa kuchunguza maneno ambayo mafundi na watumiaji wamerithi kutoka enzi moja hadi nyingine. Hoja kuu ni kwamba maneno yaliyozaliwa katika enzi ya betri kavu na betri za risasi yamehamishiwa kwenye betri za ioni za lithiamu pamoja na mazoea yake. Mazoea hayo, ambayo zamani yalisamehewa na kemia ya betri yenyewe, leo yanaweza kuleta moto. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi za lugha, vyuo vya ufundi na mashirika ya viwango.

1.0 Utangulizi

Katika karakana nyingi za Kigali, Kampala, Nairobi, Bukavu na Dar es Salaam, betri kuukuu ya kompyuta mpakato haitupwi. Kasha lake hupasuliwa, seli zilizomo hutolewa na kupimwa, na zile ambazo bado zinakaa na chaji huunganishwa upya ili ziwashe taa, spika au pampu ndogo. Kazi hii ina manufaa ya wazi: hupunguza taka na huwapa umeme watu ambao bei ya betri mpya imewashinda. Hata hivyo, ni kazi inayodai maarifa ya kemia, na maarifa hayo humfikia fundi kwa njia ya maneno. Swali la kihistoria ni hili: maneno hayo yametoka wapi, na yalitungwa kwa ajili ya betri ipi?

2.0 Enzi ya mawe na maji

Betri kavu ilienea vijijini pamoja na tochi na redio ya transista. Katika miaka ya 1960 viwanda vya kutengeneza betri hizo vilianzishwa Dar es Salaam na Nakuru. Kile cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Lugha za eneo hili hazikusubiri kamati ya istilahi. Kinyarwanda kilikiita kifaa hicho ibuye, yaani jiwe. Kiganda kilitumia amanda, neno lile lile la makaa. Majina haya yana mantiki yake. Jiwe ni kitu kigumu kisicho na uhai wa ndani wa kuogopwa, na makaa yakiisha nguvu hubaki majivu tu. Mazoea yakafuata majina: betri iliyochoka ilianikwa juani ili redio isikike kwa dakika chache zaidi. Joto liliharakisha kwa muda mmenyuko wa kemikali uliobaki, na madhara makubwa yaliyotarajiwa yalikuwa betri kuvuja na kuchafua redio.

Betri ya risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, iliingia kwa njia ya magari. Kuanzia miaka ya 1980, hasa nchini Kenya, ilianza pia kuhifadhi umeme wa paneli za jua majumbani, na palipokosekana paneli ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa. Enzi hii ndiyo iliyokikabidhi Kiswahili msamiati wake wa msingi wa betri: maji ya betri, kuchaji, kujaa, kuchemka. Msamiati huo uliieleza betri kama chombo, mfano wa mtungi unaojazwa na kumiminwa, na kwa betri ya risasi mfano huo haukupotosha sana. Betri hiyo ikichajiwa kupita kiasi, umeme wa ziada huyatenganisha maji yaliyomo kuwa hidrojeni na oksijeni. Mapovu huonekana, fundi husema inachemka, naye huongeza maji yaliyotoneshwa. Kosa la usiku mmoja lilirekebishika asubuhi.

Hii haina maana kwamba betri ya risasi ilikuwa salama. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia katika udongo na katika damu za wakazi, na suala hilo likafika mahakamani. Lakini hatari hiyo ilikuwa ya polepole na ilitokea zaidi baada ya betri kufa. Ile ya lithiamu huweza kutokea betri ikiwa hai, katika muda wa sekunde.

3.0 Mafunzo yaliyotokana na moto

Historia ya betri ya lithiamu ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kujifunza kutokana na moto. Katika miaka ya 1970, Stanley Whittingham, akifanya kazi katika kampuni ya Exxon nchini Marekani, aliunda betri ya kuchajiwa iliyotumia lithiamu katika hali ya metali. Ilikuwa na nguvu, lakini kila ilipochajiwa metali hiyo iliota vijinywele ambavyo viliweza kupenya hadi upande wa pili na kuunganisha elektrodi mbili ndani ya seli. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti ingeweza kutumika kama elektrodi chanya na kutoa takriban volti 4. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei nchini Japani aliiondoa kabisa metali ya lithiamu, akaweka kaboni inayopokea ioni za lithiamu na kuziachia. Kisha akaijaribu seli yake kwa kuiangushia kipande cha chuma; haikuwaka.

Wale walioendelea na lithiamu ya metali walipata funzo chungu. Mwaka 1989 kampuni ya Moli Energy ya Kanada ililazimika kurejesha betri zake kutoka sokoni baada ya matukio ya moto katika simu nchini Japani. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri ya ioni za lithiamu, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Hata hiyo haikukoma kufundisha: mwaka 2006 kampuni ya Dell ilitangaza kurejesha betri milioni 4.1 za kompyuta mpakato zenye seli za Sony, mwaka 2013 ndege za Boeing 787 zilizuiwa kuruka kwa sababu ya betri, na mwaka 2016 Samsung iliiondoa sokoni simu ya Galaxy Note 7. Mwaka 2019 Whittingham, Goodenough na Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kila tukio liliacha alama yake katika lugha za viwanda vilivyohusika: istilahi mpya, majaribio mapya, maonyo mapya. Kiswahili hakikuwamo katika mazungumzo hayo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, mwaka mmoja kabla bidhaa hiyo haijafika dukani. Seli ilipowasili Afrika Mashariki, ikiwa ndani ya simu na kompyuta, ilikuta maneno ya enzi ya maji ya betri yakiisubiri.

4.0 Maneno manne yaliyorithiwa

Neno la kwanza ni betri ya volti 12. Katika enzi ya risasi jina hili lilikuwa na maana moja: seli sita za volti 2 kila moja. Leo linatumika kwa vitu vitatu tofauti. Pakiti ya seli tatu za kawaida za ioni za lithiamu huuzwa kwa jina hilo, na kikomo chake cha juu ni volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Pakiti ya seli nne za fosfati ya chuma na lithiamu nayo huitwa hivyo, na kikomo chake ni volti 14.6. Chaja ya betri ya risasi aghalabu hufika volti 14.4. Fundi akiamini jina, akaiunganisha chaja hiyo na pakiti ya seli tatu isiyo na ubao wa ulinzi, kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.8. Jina ni sahihi kwa mapokeo, lakini hesabu ni ya hatari.

Neno la pili ni kujaa. Mtungi uliojaa humwaga ziada nje. Seli ya lithiamu haina pa kuimwaga: ziada hugeuka kuwa metali juu ya kaboni, na hatari aliyoiondoa Yoshino hurudi kwa mlango wa uani. Wakati huohuo, elektrodi chanya hupoteza uthabiti na inaweza kuachia oksijeni. Joto huzaa joto, seli moja ikawasha jirani yake. Gesi iliyokuwa ishara ya kujaa katika betri ya risasi ni ishara ya kuharibika katika seli ya lithiamu.

Neno la tatu ni shoti. Katika matumizi ya kila siku neno hili hubeba dhana mbili: umeme kumpiga mtu, na nyaya mbili kugusana. Kwa kuwa volti 3.7 au 12 hazimtetemeshi mtu mwenye mikono mikavu, ni rahisi kuhitimisha kwamba betri ndogo haina shoti. Kwa maana ya kwanza hitimisho hilo ni kweli. Kwa maana ya pili ni kosa kubwa: seli moja ikiunganishwa ncha kwa ncha hutoa mkondo unaoweza kuufanya waya uwe mwekundu kwa joto.

Neno la nne ni kushtua. Betri iliyolala hushtuliwa kwa kuunganishwa kwa muda mfupi na chanzo chenye nguvu zaidi. Seli ya lithiamu iliyoshuka chini ya takriban volti 2 na kukaa hivyo si mgonjwa aliyezimia. Shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na inapochajiwa tena huganda mahali pasipofaa na kuweza kuunganisha elektrodi kwa ndani. Ikifufuliwa, huenda ikafanya kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kuwaka.

Lipo pia neno la kinyume, ambalo limewafaa watu: kuvimba. Kila mwenye simu anajua kwamba betri iliyovimba imeharibika. Neno hili lilitokana na kukiangalia kifaa chenyewe, wala halikurithiwa kutoka enzi nyingine, na ndiyo maana linasema kweli.

5.0 Utaratibu ambao historia hiyo imeufundisha

Kanuni za kuunda pakiti kwa usalama ni muhtasari wa historia iliyoelezwa. Seli zitoke katika aina moja na zilingane kwa uwezo, kwa ukinzani wa ndani na kwa volti kabla ya kuunganishwa. Iliyovimba, iliyobonyea, yenye kutu au iliyoshuka mno iwekwe kando moja kwa moja. Seli ya duara iliyozoeleka, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huunganishwa kwa ukanda wa nikeli unaochomelewa kwa nukta, kwa sababu joto la kulehemu likikaa juu ya seli huidhuru. Ncha chanya ihamiwe kwa pete ya karatasi maalumu, kwa kuwa kasha lote linaloizunguka ni ncha hasi. Pakiti iwe na fyuzi, na iwe na ubao wa ulinzi unaosoma volti ya kila seli, si jumla peke yake.

Kuchaji nako kuna hatua mbili. Kwanza mkondo usiobadilika, na kwa seli zilizotumika nusu ya uwezo wake au chini ya hapo: seli ya ampea-saa 2 isipewe zaidi ya ampea 1. Kisha, kila seli inapofika volti 4.2, volti hushikiliwa hapo huku mkondo ukipungua hadi chaja ijikate. Seli haichajiwi ikiwa chini ya nyuzijoto 0, wala haianikwi juani. Pakiti mpya ichajiwe kwa uangalizi, juu ya saruji au kigae, mbali na kitanda, mapazia na mlango wa kutokea. Ikitoa moshi, watu watoke kwanza, kwa kuwa moshi wake una sumu na moto wake unaweza kuwaka upya baada ya kuonekana umezimika.

6.0 Athari kwa sera

Eneo linalozungumza Kiswahili ni miongoni mwa vyanzo vya betri hizi. Kobalti huchimbwa Kolwezi, lithiamu ipo Manono, na kinywe kipo Mahenge. Pikipiki za umeme zimeanza kazi Kigali na Nairobi, na pakiti zake zitakapochoka zitaingia katika karakana zilezile. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Fundi wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake huchota istilahi za ufundi kutoka Kifaransa, na fundi wa Arusha, anayezichota kutoka Kiingereza, wanahitaji lebo moja wanayoielewa wote wawili.

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mashirika ya viwango yadai lebo ya Kiswahili inayotaja aina ya kemia, idadi ya seli na kikomo cha juu cha volti, badala ya kutosheka na volti 12. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na BAKITA zitenganishe dhana mbili za shoti: mshtuko wa umeme kwa mtu, na shoti kwa nyaya. Tatu, neno kikomo liingie katika mafunzo ya kuchaji mahali pa kujaa. Nne, vyuo vya ufundi vikusanye maneno ya mafundi wenyewe kabla ya kutunga mapya. Kuvimba ni ushahidi kwamba karakana nayo ni chuo cha istilahi.

7.0 Hitimisho

Maneno ya enzi ya maji ya betri hayakuwa makosa. Yalikieleza kwa usahihi kifaa kilichokuwapo, na yaliwalinda waliokitumia. Kosa limeingia kifaa kilipobadilika nalo jina likabaki. Lugha inayozungumzwa juu ya machimbo ya kobalti na lithiamu inastahili kumfikishia fundi wake, kwa maneno anayoyajua, funzo ambalo wengine walilipata kwa moto.