Brashi ya baba mdogo na brashi ya kompyuta

Jamani, kuna jambo limenikaa kichwani tangu nilipokwenda Njoro kuwasalimu wazee, nikaona nisilale nalo peke yangu.

Baba yangu mdogo ni mwandika mabango. Kama umekulia Moshi miaka ile kabla mabango ya plastiki hayajatuvamia, basi yawezekana umewahi kuusoma mkono wake bila kujua: kwenye kibanda cha kinyozi, kwenye maduka ya Mbuyuni, kwenye mgongo wa Hiace. Alikuwa anapiga mstari kwa uzi wenye chaki, anachovya brashi bapa kwenye rangi ya mafuta iliyolegezwa kwa thina, anaegemeza kiganja juu ya kijiti, halafu herufi S nzima inatoka kwa mikupuo miwili. Pembeni chini anaweka jina lake kwa herufi ndogo. Siku hizi mwenye duka anakwenda stesheneri, anachagua herufi kwenye kioo, na jioni bango lake limeshachapwa. Brashi za baba mdogo zimesimama kwenye kopo la maziwa, nyingine zimekauka kama kuni.

Jioni moja alinikuta barazani nahangaika na picha ya makala kwenye kompyuta. Akavuta kigoda.

"Hiyo nayo ina brashi?"

"Shikamoo baba. Ndiyo, ipo."

"Marahaba. Hebu nipe niione."

Nikampa mausi. Akajaribu S yake. Kikatoka kitu kama mnyoo aliyeshiba, unene uleule kuanzia kichwani mpaka mkiani. Akajaribu tena kwa haraka, akasogeza uso karibu na kioo, akacheka.

"Mwanangu, hii siyo brashi. Huu ni muhuri."

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye kinyongo na mashine iliyomnyang'anya kazi. Usiku nikaanza kuchimba historia ya brashi hizi. Haya basi, naomba niseme hadharani: mzee alikuwa sahihi.

Tuanzie California, mwaka 1973. Richard Shoup, akiwa kwenye maabara ya Xerox PARC, alitengeneza SuperPaint, mojawapo ya programu za kwanza kabisa za kuchora kwa rangi kwenye kompyuta. Mwaka 1984 ikaja MacPaint ya Bill Atkinson, iliyotoka pamoja na kompyuta za kwanza za Macintosh. Hiyo ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, hata kijivu haina. Mwaka 1990 ndugu wawili, Thomas na John Knoll, wakatuletea Photoshop. Sasa angalia jina lenyewe: ni karakana ya picha za kamera. Brashi yake ya duara yenye kingo laini ilimfaa mtu anayetaka kufuta kovu shavuni mwa bibi harusi. Kuandika "Saluni ya Kiume" ukutani kwa mkupuo mmoja ni kazi nyingine kabisa.

Na muhuri je? Ni muhuri kweli. Kompyuta haivuti mstari kama mkono unavyovuta. Inachukua umbo dogo, inaligonga hapa, inasogea kidogo, inaligonga tena, mara mamia, mpaka jicho linadanganyika kuwa ni mstari mmoja. Fungua mipangilio ya brashi kwenye Photoshop utakuta nafasi kati ya mgongo na mgongo imeandikwa kwa asilimia ya upana wa brashi. Kawaida ni 25. Ipandishe mpaka 150 uone: mstari unakatika, unabaki na shanga.

Muhuri haujui mambo matatu ambayo baba mdogo anayajua bila kufikiri. Haujui uzito wa mkono. Haujui brashi bapa imegeuziwa upande gani, na hapo ndipo unene na wembamba wa herufi unapotoka. Haujui kwamba rangi inaisha njiani. Ukitaka kuielewa historia ya kuboresha brashi hizi, ni historia ya watu waliojaribu kuufundisha muhuri mambo hayo matatu.

Mwaka 1986 Steve Strassmann wa chuo cha MIT alichapisha utafiti juu ya brashi yenye nywele. Alikuwa anaiga uchoraji wa wino wa Kijapani, sumi-e. Badala ya umbo moja linalogongwa, kila unywele ulikuwa na wino wake, na ukiukauka unaacha mwanya. Mwaka 1991 ikatoka Painter, iliyouzwa ndani ya kopo la rangi, kopo la bati kabisa! Yenyewe ililenga kuiga mafuta, chaki, mkaa na rangi za maji. Vibao vya kalamu vya akina Wacom vikaleta uzito wa mkono, kitu ambacho mausi haina, maana mausi inajua kubonyezwa au kutobonyezwa, basi. Photoshop 7 ya mwaka 2002 ilikuja na mfumo mpya wa brashi uliokuwezesha kupanga umbo, pembe na ukubwa vifuate kalamu.

Kwetu sisi tusio na dola za leseni, habari kubwa zaidi ni GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley mwaka 1995 na kutolewa bure. Ilipiga hatua polepole. Toleo la 2.4 la mwaka 2007 ndilo lililoruhusu brashi za picha kukuzwa na kupunguzwa, jambo ambalo mchoraji angelitaka siku ya kwanza! Mwaka 2018 toleo la 2.10 likazikaribisha brashi za MyPaint, programu nyingine ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya wachoraji hasa.

Sasa hesabu na mimi. Wino wa Kijapani umo. Mafuta ya Ulaya yamo. Mkaa umo. Rangi ya baiskeli je?

Maana na sisi tuna historia yetu ya brashi. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao laini za dari. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, walipomdhania mwizi, lakini mtindo ulibaki. Rangi ile ikikauka inakuwa ngumu na inang'aa, ukipaka nyingine juu yake hazichafuani, ndiyo maana doa la Tingatinga lina kingo safi vile. Mtindo wenyewe umeshaingia kwenye kompyuta: Tinga Tinga Tales, katuni zilizoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi. Lakini mtindo ni matokeo. Mkupuo uliouzaa ni kitu kingine, na huo unakaa kwenye vidole vya watu wanaozeeka.

Siku ya tatu niliazima kibao cha kalamu kwa rafiki. Baba mdogo akalowesha brashi moja iliyokuwa bado hai, akapiga mikupuo kumi na miwili kwa rangi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Nikaipiga picha, nikaikata, nikaigeuza kuwa brashi ndani ya GIMP, nikapunguza nafasi, nikafunga pembe. Akaandika S. Haikuwa ya ukutani, rangi haikuisha njiani na aliilalamikia hiyo. Lakini niliitambua. Ningeitambua hata stendi.

Programu ikauliza brashi iitwe nani. Nikaanza kuandika jina la mtindo, akanizuia.

"Weka jina langu. Pembeni, herufi ndogo."

Kama mtaani kwenu yupo mzee wa aina hii, iwe wa mabango, wa hina au wa kuchora mgongo wa lori, karatasi nyeupe na simu yenye kamera vinatosha kuanzia. Mimi nimeanza na mikupuo kumi na miwili. Wewe je?