Kompyuta ya ofisini na printa zake kutumiwa kutoka mbali: namna inavyofanyika na tahadhari zake

Shirika dogo lenye makao makuu Nairobi na tawi Bujumbura au Kigali huweza kuwa na programu yake ya hesabu katika kompyuta moja tu. Karani wa tawini huifungua kompyuta hiyo kupitia intaneti, akafanya kazi kana kwamba ameketi mbele yake. Teknolojia hiyo si ngeni: Microsoft iliitoa katika toleo maalumu la Windows NT 4.0 mwaka 1998, na programu ya VNC, iliyotokana na maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, ilianza kusambazwa bila malipo katika miaka hiyo hiyo.

Kinachosafiri mtandaoni ni picha ya skrini kuelekea kwa mtumiaji, na mibofyo ya vitufe na ya kipanya kurudi kwenye kompyuta. Faili zenyewe hubaki makao makuu. Ndiyo maana hata intaneti ya kasi ya wastani hutosha.

Uchapishaji ndio unaovuruga urahisi huo. Iwapo karatasi inatakiwa kutoka tawini, kompyuta ya mbali haina budi kuitambua printa ya tawini kama iliyounganishwa nayo. Zamani kila printa ilihitaji programu yake ya kuiendesha iwekwe katika kompyuta kuu, na programu moja yenye kasoro iliweza kukwamisha uchapishaji wa watumiaji wote. Tangu Windows Server 2008, ulazima huo umepungua sana. Hata hivyo, hati yenye picha nyingi bado huchelewa, kwani safari hii ni hati nzima inayosafiri.

Iwapo karatasi inatakiwa kutoka makao makuu, kwa mfano hati ya malipo inayosubiri saini, kazi ni nyepesi zaidi, maana printa ipo pale pale. Hatari iliyopo ni ya kibinadamu: mtumiaji huchagua printa isiyo yake, na orodha ya mishahara ikatokea kwenye chumba cha mapokezi. Kuzipa printa majina ya vyumba zilimo huondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko huo. Baadhi ya printa za ofisini pia huishikilia hati hadi mwenyewe aingize namba ya siri kwenye mashine.

Windows ya kawaida humruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Wa mbali anapoingia, skrini ya ofisini hujifunga. Toleo la Home halipokei kabisa wageni kwa njia hii ya Microsoft. Watumiaji kadhaa kwa pamoja huhitaji Windows Server na leseni zake, au Linux.

Kosa kubwa zaidi ni kuelekeza ruta iwafikishe watu wote wa intaneti moja kwa moja kwenye mlango namba 3389, ambao Windows huutumia kwa kazi hiyo. Wadukuzi huendesha programu zinazotafuta milango hiyo usiku na mchana na kujaribu maneno ya siri. Mwezi Mei 2019 dosari iliyopewa jina BlueKeep ilionekana kuwa ya hatari kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia tangu 2014. Printa nazo hazikusalimika. Mwishoni mwa 2018 maelfu ya printa zilizoachwa wazi duniani zilitoa karatasi za kumpigia debe mwanayoutube PewDiePie. Huo ulikuwa mzaha. Dosari ya PrintNightmare ya mwaka 2021 haikuwa mzaha, kwani ilimwezesha mdukuzi kuitawala kompyuta kupitia huduma yake ya uchapishaji.

Njia salama ni mtumiaji kupita kwanza katika VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa, kisha kuingia kwa akaunti yake mwenyewe, yenye neno la siri refu na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Akaunti moja inayotumiwa na ofisi nzima haifai: hasara ikitokea, haijulikani ni nani aliyeingia.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na zote zinaweka masharti kuhusu taarifa zinazovuka mipaka. Zahanati inayomruhusu mtumishi aliye nchi jirani kufungua na kuchapisha faili za wagonjwa haina budi kuyazingatia.

Jambo la mwisho ni nyaya za baharini. Nchi zisizo na pwani hutegemea kwa kiasi kikubwa zile zinazotua Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo, tawi lisilo na nakala yoyote ya kumbukumbu zake hubaki na printa inayofanya kazi na hati isiyofikika.