Kabla ya Danga: Filamu ya 1941 Iliyowapeleka Dada Wawili Kusaka Mume Tajiri

Kule Ikinga, Ileje, binti akiaga kwamba anakwenda Tunduma kutafuta maisha, hakosekani shangazi wa kumvuta pembeni: "Mwanangu, ukifika huko fumbua macho." Hafafanui, na binti haulizi. Tunduma kuna foleni ya malori ya Zambia na Kongo, kuna wenye maduka ya jumla, kuna wabadilisha hela. Fumbua macho maana yake usije ukatuletea fukara mwenzetu.

Sasa wadau, shangazi huyo Hollywood walishamuigiza zamani sana.

Filamu inaitwa Moon Over Miami, ya mwaka 1941, kutoka studio ya 20th Century Fox. Ni vichekesho, mapenzi na nyimbo humo humo. Dada wawili wanafanya kazi kwenye mgahawa wa baga huko Texas pamoja na shangazi yao. Urithi unaingia, lakini ni kidogo kuliko walivyotegemea. Badala ya kula kidogo kidogo, wanaamua kuuchoma wote kwenye mchongo mmoja: waende Miami, wakae hoteli ya matajiri, wamnase milionea. Dada mmoja anajifanya tajiri, mwenzake anakuwa sekretari wake, shangazi anakuwa mjakazi. Yaani wamekodi maisha, kama watu wanavyokodi gari la kupigia picha Instagram.

Utamu uko hapa. Mhusika mkuu, anayechezwa na Betty Grable, anampenda kaka mmoja mtanashati mwenye jina kubwa. Kumbe kaka mwenyewe kaishiwa, naye kaja Miami kusaka mke tajiri! Wawindaji wawili wanawindana, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye swala. Mwisho anachagua mapenzi, na tajiri halisi anaangukia kwa yule dada "sekretari".

Unaweza kucheka ukaishia hapo. Ila jiulize, kwa nini Fox waliitoa hadithi hii mara tatu? Ilikuwa tamthilia ya jukwaani, ikawa filamu mwaka 1938 kwa jina Three Blind Mice, ikaja hii ya 1941, halafu Three Little Girls in Blue mwaka 1946. Miaka minane, filamu tatu. Watazamaji hawakuichoka kwa sababu ilikuwa inawagusa.

Marekani ilikuwa imetoka kwenye mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Sehemu nyingi mwalimu wa kike akiolewa, kazi basi. Na mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1974, benki ingeweza kumnyima mwanamke mkopo au kumtaka alete saini ya mume. Kwa mwanamke wa namna hiyo, mume ndiye aliyekuwa benki. Tamaa ipo, hatukatai, lakini milango mingine nayo ilikuwa imefungwa.

Kinachochekesha zaidi ni Betty Grable mwenyewe. Mwaka 1943 wenye kumbi za sinema walimtaja kuwa nyota namba moja wa kuingiza watazamaji, na miaka hiyo ya 1940 alihesabiwa kati ya wanawake wanaolipwa mshahara mkubwa kuliko wote Marekani. Halafu mwaka 1953 akarudishwa tena, pamoja na Marilyn Monroe na Lauren Bacall, kwenye How to Marry a Millionaire. Mwanamke mwenye hela zake, analipwa kuigiza mwanamke asiyeweza kuishi bila hela ya mwanaume!

Huku kwetu tusijifanye wageni. Tulianza na "kuchuna buzi". Akaja "pedeshee", neno tulilolipata kwa Wakongo, na wao walilitoa kwenye PDG, kifupi cha Kifaransa cha bosi mkuu wa kampuni. Sasa hivi ni danga. Na wanaume wasicheke sana, maana mwaka 1985 Franco alitoa wimbo wa Mario, kijana anayelishwa na mama mwenye uwezo, na sisi tukapata neno "marioo".

Kuna dada mmoja namfahamu Tunduma, simtaji. Yeye alipata, na alipata kweli: mwenye malori, mahari ikalipwa, harusi ikafanyika. Miaka kumi na moja alipika, alilea, alikaa dukani toka asubuhi mpaka usiku. Walipoachana ndipo akagundua kwamba nyumba, kiwanja na duka vyote vina jina moja, na silo lake. Akaambiwa, "Wewe ulikuwa mama wa nyumbani tu."

Hapo ndipo inabidi umjue Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983, katika kesi yake na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, kwani mahakama ilisema alishapewa fedha na mume akazitumia vibaya. Lakini mlango aliogonga yeye wamepita wengi baada yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikaweka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Dada yetu alivyoelezwa hayo, alifungua shauri. Bado linaendelea.

Kwa hiyo shangazi wa Ikinga hakukosea kusema fumbua macho. Aliishia njiani tu. Mpende tajiri, mpende dereva, mpende hata marioo ukitaka. Ila siku kiwanja kinanunuliwa, macho hayo yafumbue kwenye hati, usome limeandikwa jina la nani.

Wewe shangazi yako alikuambia nini ulipoaga nyumbani?