Mashua ya Alumini katika Mto Dungu

Sisi tukaao upande wa Thika na Ruiru tu mbali na bahari, na mtoto wa Kahawa Sukari aweza kumaliza masomo yake yote pasipo kupanda mashua hata mara moja. Lakini madini ambayo kwayo huundwa mashua nyepesi za injini anayajua tangu utotoni, maana ugali wake hupikwa ndani yake. Sufuria ya jikoni ni alumini, na fremu za madirisha ya nyumba nyingi mpya mtaani kwetu ni alumini vilevile. Basi msomaji asione ajabu nikimwelezea habari za chombo cha alumini kilichovunjika mahali pasipo karakana, jinsi kilivyozibwa, na taabu waliyoipata watu katika kukirudisha kazini.

Kwanza tuyatazame madini yenyewe. Alumini imo tele katika udongo wa dunia, lakini kuitenga na udongo ni kazi ngumu sana. Mwaka 1855 vipande vyake vilionyeshwa katika Maonyesho ya Paris kama kitu cha thamani, karibu na vito. Ndipo mwaka 1886 vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wote wamezaliwa mwaka 1863 na hapana aliyejua kazi ya mwenzake, walipogundua njia ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Bei yake ikaanguka, na watu wakaanza kuitamani kwa vyombo vya majini, kwa kuwa uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma.

Mwanzo haukuwa mwema. Mwaka 1895 Wamarekani waliunda jahazi la mashindano lililoitwa Defender. Sehemu ya chini, iingiayo majini, ilikuwa ya shaba nyeusi. Ubavu wa juu ulikuwa wa alumini. Na mataruma yake yalikuwa ya chuma cha pua. Jahazi lilishinda, lakini maji ya chumvi yakaanza kazi yake mara moja. Madini mawili ya aina mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya umeme mdogo kama ule wa betri, na yaliyo dhaifu huliwa. Katika Defender yaliyoliwa yalikuwa alumini, na kufikia mwaka 1901 jahazi lile lilikuwa limekwisha kuvunjwavunjwa.

Tena alumini safi ni laini mno. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aliona kuwa ikichanganywa na shaba kidogo, kisha ikapashwa moto na kupozwa, huwa ngumu kadiri siku zinavyopita. Lakini shaba ile ile iletayo nguvu ndiyo ikaribishayo kuliwa. Kwa hiyo mafundi walizoea kuyavika mabamba magumu utando wa alumini safi pande zote mbili, kisha kuyapaka rangi. Hivyo ndivyo zilivyoundwa ndege za majini za kampuni ya Short Brothers ya Uingereza, ambazo ya kwanza yao iliruka mwezi wa Julai 1936. Kwa umbo zilikuwa mashua kamili zilizotiwa mabawa: zilikuwa na mkuku, mataruma na ubavu wa mabamba yaliyoungwa kwa maelfu ya ribiti, na injini nne juu ya bawa lenye upana wa karibu mita 35. Tangu mwaka 1937 zilibeba barua na abiria kutoka Southampton hadi Durban, zikitua kwenye Mto Naili, Ziwa Viktoria, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mtu wa Kisumu wa siku zile aliweza kusimama ufukoni na kuiona mashua ikishuka kutoka mbinguni.

Mojawapo iliitwa Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Ziwa Viktoria kuelekea Juba. Chombo cha redio cha kutafutia njia kilipotosha, na rubani alipotambua kuwa amepotea, mafuta yalikuwa karibu kwisha. Chini yake hapakuwa na ziwa, ila miti na mto mwembamba: Mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, zaidi ya kilomita 200 kutoka Juba. Rubani akatua humo. Watu wote walisalimika, lakini mwamba uliofichwa na maji ulipasua ubavu wa chini, na chombo kikazama matopeni.

Hapo ndipo nionapo kiini cha hadithi hii. Kampuni ingaliweza kuzitoa injini na kuliacha gamba likiozea mtoni. Badala yake mafundi walitumwa kutoka Uingereza. Tujiulize walikuwa na nini mikononi. Hapakuwa na gati, wala karakana, wala barabara njema. Kila bamba na kila ribiti ilipaswa kuletwa kutoka mbali. Chombo kilipaswa kuinuliwa kwanza katika matope, kwani huwezi kuziba tundu usilolifikia. Kazi ile ilichukua miezi. Katikati ya mwaka 1939 Corsair ilijaribu kuruka. Mto ukawa mfupi na mwembamba kwake, ikagonga mwamba tena na kupasuka mara ya pili. Nadhani wapo waliotamani kurudi kwao siku ile, na ni nani awezaye kuwalaumu?

Kazi ikaanza upya. Mwezi wa Septemba vita kuu ya pili ikafumka Ulaya, na kila ndege ikawa na thamani maradufu. Sasa walifahamu kuwa kuziba tundu ni nusu tu ya shida. Ndege ya majini huhitaji maji marefu yaliyonyoka, na yenye kina, ili ipate mwendo wa kutosha kujitoa majini. Na maji ya namna hiyo hayakuwapo. Basi wakaamua kuyafanya. Lambo likajengwa kuukinga mto, maji yakajaa nyuma yake, na miamba ikafunikwa. Mwanafunzi wa Ruiru hahitaji picha kulifahamu jambo hili, maana malambo ya mashamba ya kahawa yapo mabondeni kwetu. Vibarua wenyeji ndio waliofanya kazi ile nzito, na kijiji kilichozuka pale kikaitwa Corsairville. Wanaosimulia hadithi hii humtaja rubani kwa jina, na jina la ndege, na hata jina la kampuni. Vibarua huitwa vibarua tu. Kwa maoni yangu, lambo lile ni sehemu ya matengenezo ya ndege sawasawa na ribiti yo yote iliyogongwa ubavuni mwake.

Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi baada ya kutua, Corsair ikapiga mbio juu ya maji yale ya kukingwa na kuruka.

Pengine msomaji atauliza, mambo haya yanamhusu nini mtu wa leo mwenye mashua kuukuu ya alumini nyumbani? Yanamhusu sana, maana madini hayajabadili tabia yake. Mashua ile huwekwa juu ya vigogo, ikatiwa maji ndani, na mtu akainama chini kutazama matone yatokapo. Kila tone huonyesha ribiti iliyolegea au ufa. Ribiti iliyolegea hugongwa upya, mmoja akishika nyundo upande huu na mwenziwe akikinga kwa chuma kizito upande wa pili. Iliyokufa hutolewa, ikatiwa nyingine ya alumini, wala si ya shaba, kwa sababu ile ile iliyoiua Defender.

Kisha rangi ya zamani huondolewa. Afanyaye kazi hiyo na avae barakoa maalumu ya kuzuia vumbi laini na kuulowesha msasa, kwani rangi za zamani huenda zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu. Brashi ya nyaya za chuma haifai, kwa kuwa huacha vijipande vya chuma ndani ya alumini, na vijipande hivyo huanzisha maradhi mapya. Palipo na jambo gumu ni hapa: alumini ikisuguliwa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba sana, usioonekana kwa macho. Utando huo huilinda na hewa, lakini rangi ya kawaida haiushiki vema, na baada ya miezi michache hubanduka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo hupakwa kwanza rangi ya msingi yenye asidi, iliyofanywa mahsusi kuuma uso wa alumini, nayo hupakwa siku ile ile ya kusugua. Rangi za juu hufuata, nyembamba nyembamba, kivulini. Na kwa mashua ikaayo majini siku zote, rangi za kuzuia majani ya maji zenye shaba ndani yake ni haramu kabisa juu ya alumini. Mafundi wa madirisha wa hapa kwetu, wenye ribiti na msasa, wangeweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hii, ijapokuwa sijui ni wangapi wamewahi kuombwa.

Ama Corsair, iliendelea na kazi wakati wa vita. Baada ya vita viwanja vya ndege vya nchi kavu vilikuwa vimejengwa kila mahali, na ndege zenye magurudumu zikachukua nafasi. Ndege za majini zilionekana tena kwa muda katika Ziwa Naivasha, zikipita kuelekea Afrika Kusini, mpaka mwaka 1950 safari hizo zilipokoma. Zile za kundi la Corsair zilizonusurika vitani zilivunjwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na leo hapana hata moja iliyobaki nzima.