Sura za Kijani na Mwaka 1907

Wadau, nimepotea kidogo, samahanini. Kilichonipoteza ni mtaa mmoja wa Ujerumani ambao sijawahi kuukanyaga, na nauli ya kwenda huko sina.

Tulipewa zoezi: chagua mchoro maarufu, uuchore upya kwa mkono wako, kisha andika historia yake. Mimi ni mtu wa Historia, brashi naijua ya viatu. Nikachagua "Mtaa, Dresden" wa Ernst Ludwig Kirchner kwa sababu ya kijinga tu: sura za watu zina kijani, nikasema hapa hata nikikosea nani atajua?

Nilijidanganya. Turubai lake lina upana wa mita mbili, mimi nina karatasi ya manila. Nikaanza na wale wanawake wa mbele wenye makofia. Nikawapaka kijani, barabara nikaiacha nyeupe ili kubana rangi nyekundu (boom lilikuwa limekata, mnaelewa). Mwenzangu wa chumbani akachungulia akauliza, "Hawa wamefariki lini?"

Usiku wa tatu ndipo nikakubali kuimaliza ile nyekundu. Nikaichanganya na nyeupe, nikaipaka barabara yote pinki kama alivyofanya Kirchner. Jamani, sura zikaamka! Kijani kilekile, sikukigusa. Kumbe kilikuwa kinaisubiri pinki. Halafu nikaona jambo ambalo nisingeliona kwa kuangalia tu: watu wamebanana upande, katikati barabara iko wazi, na mtoto wa kike mwenye kofia kubwa amesimama hapo kama hana mwenyewe. Nimemrudia mara nne yule mtoto.

Sasa historia. Kirchner alizaliwa 1880, na Dresden alikwenda kusomea usanifu majengo. Tarehe 7 Juni 1905 yeye na wenzake watatu, Heckel, Bleyl na Schmidt-Rottluff, wote wanafunzi wa fani hiyohiyo, wakaanzisha kikundi cha Die Brücke, yaani Daraja. Wanafunzi kama sisi! Walikuwa wanachora watu waliobadilisha mkao kila baada ya robo saa, ili mkono usipate muda wa kuremba. Nimejaribu kwa mwenzangu, dakika ya tano kalala.

Kwenye insha nikaandika kwa kujiamini kwamba mchoro ni wa 1907. Kwa nini nisijiamini? Mwaka umeandikwa kwenye mchoro wenyewe! Si tunafundishwa kila siku kuwa chanzo cha msingi ndiyo mambo yote? Karatasi ikarudi na duara jekundu. Jumba la makumbusho la MoMA, New York, ambako mchoro upo, linaeleza kuwa ulichorwa 1908, ukarekebishwa 1919. Kirchner alikuwa na tabia ya kurudisha nyuma miaka ya kazi zake, asionekane amewafuata akina Munch na Matisse. Kwa hiyo mchoraji mwenyewe ndiye aliyenipotosha, na alama zimekwenda.

Nilikasirika, kisha nikasoma yaliyompata 1937. Manazi waliondoa kazi zake zaidi ya 600 kwenye majumba ya makumbusho ya Ujerumani, nyingine wakazitundika Munich ili watu wazicheke. Juni 1938, akiwa Uswisi, alijiua. Mtu aliyehangaika hivyo aonekane wa kwanza, akafutwa kabisa nchini kwake. Hasira ikaniisha, ingawa alama bado nazitaka.

TP inakaribia na nimeamua manila yangu naibeba. Kidato cha Pili nitawauliza swali moja tu kabla sijafungua mdomo: huu mchoro ni wa mwaka gani, na umejuaje? Pembeni nimeandika 1907 kama alivyoandika mwenyewe. Mwaka niliouchora mimi nimeuandika nyuma, kwa penseli.