Tamthilia za Kuonwa Mara Moja

Mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka, na milima ya Upare haina desturi ya kuyapisha. Siku hizi watu hubishana kama tamthilia imtosheleze mtazamaji mara ya kwanza au impe sababu ya kuirudia. Kwa Mamba, huko Upare wa Kusini wilayani Same wanakolima tangawizi, ubishi huo ulikatwa na jiografia kabla hata wasanii hawajaulizwa: ukiipata mara moja, shukuru.

Redio ndiyo iliyotangulia kupanda mlima. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho, tena cha rangi, tangu 1973. Wa bara walikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na Julai 1993 ikaanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, alimtesa mkewe Tunu hadi UKIMWI ukamfikia yeye mwenyewe. Watafiti waliuacha mkoa wa Dodoma bila mchezo huo hadi 1995 ili wapate wa kuwalinganisha na wasikilizaji wa kwingine. Mchezo wa namna hiyo haukuwa na nafasi ya kuficha dokezo litakalogunduliwa ukirudia. Mkwaju alipaswa kujulikana ni nani mara tu alipofungua mdomo.

Televisheni ilipokuja, ITV ikatangulia kutupa Mambo Hayo, baadaye kikundi cha Kaole. Wajuzi wa sinema waliicheka michezo ile. Mtu anafumaniwa, kisha anakwenda kwa rafiki kusimulia jinsi alivyofumaniwa, kisha rafiki anamsimulia mwenzake, nasi tulishaona yote. Mimi naitetea. Runinga ilikuwa ya nyumba moja yenye jenereta au betri ya gari, picha ikijaa chenga pale maneno yanapokolea. Na Mamba ina lake: Wasabato walifika Giti, huko huko Upare wa Kusini, mwaka 1903, na imani yao imekita mizizi huko. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na runinga inazimwa hadi jua lizame Jumamosi. Mchezo uliopangwa Ijumaa usiku ulikuwa haupo kwa nyumba kama hizo, hata mawimbi yakiwa mazuri namna gani. Mtu alitegemea kusimuliwa na jirani wa dhehebu jingine, au kusimuliwa na mchezo wenyewe wiki inayofuata. Wale waliosema Kaole wanajirudiarudia walikuwa na umeme nyumbani.

Wala tusidhani ni umaskini wetu peke yetu. BBC ya Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta kanda za michezo yake ili zitumike upya. Zaidi ya sehemu 90 za Doctor Who hazijulikani zilipo hadi leo. Nao walidhani mchezo ukishaonwa umekwisha kazi.

Kisha zikaja kanda na diski. Filamu ya Girlfriend ilitoka 2003, na wasanii waliopikwa Kaole, akina Steven Kanumba, Ray na Johari, wakahamia sokoni. Sasa mtazamaji wa mlimani aliweza kurudisha nyuma, kusimamisha, kuazima. Ungetegemea hadithi zianze kuwa na tabaka za kuchimbua. Wapi! Soko liligundua kwamba filamu ikikatwa katikati inauzwa mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na kwa kuwa dakika lazima zijae, gari likapigwa picha kutoka getini hadi barabarani na kurudi. Diski iliweza kurudiwa, hadithi yenyewe haikuweza.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja jijini Dar es Salaam Machi 2013. Ilipendwa mara ya kwanza kwa sababu mama mkwe hahitaji maelezo.

Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza mwishoni mwa 2012, ndiyo niliyoirudia kwa hiari. Cheche ni mpiga picha wa Bagamoyo, na kamera inatazama kama yeye: mlango uliochongwa, uso wa mteja unaosubiri mwanga, mtu wa pembeni ambaye mara ya kwanza hukumjali. Ujumbe wa afya umo, maana fedha zilitoka huko, lakini unaukuta njiani ukifuata watu. Hata hivyo aliyeiona mara moja tu hakutoka na njaa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mtazamaji avumilie, atafahamu akirudia. Mara ya kwanza ni deni na lazima lilipwe. Mara ya pili ni ukarimu. Na kwa kurudiwa, hakuna tamthilia nzito inayomfikia King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Katika vichekesho vyake kisa ni chepesi, mwisho unaujua, hata jibu lake unaweza kulisema kabla yake. Watu wanarudia kumwona anavyolichelewesha.